Kipa wa timu ya reli aliyefika Real Madrid, na somo lake kwa Kilosa na Mikumi

UKITOKA Kilosa mjini ukashika njia ya kusini kwenda Mikumi, utapita Ulaya. Huhitaji viza wala tiketi ya ndege. Hii ni Ulaya ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, yenye wakulima wake, shule zake na watoto wanaokimbiza mpira jioni kama watoto wa kata nyingine yoyote. Mchezaji wa huko akisema ameshacheza Ulaya, hajadanganya.

Ulaya ile nyingine, ya Real Madrid na Manchester United, mashabiki wa Kilosa na Mikumi wanaiona kwenye vibanda umiza. Wanaijua vizuri. Watakutajia kikosi cha kwanza, watakutajia nani kauzwa na nani yuko majeruhi, na kocha akipoteza mechi tatu watakuwa wameshamfukuza kabla ya bosi wake.

Kuna jina moja la kocha ambalo limepita mbele ya macho yao miaka mingi bila kusimamishwa na kuulizwa limetokea wapi. Ni Carlos Queiroz. Ni Mreno, amefundisha Real Madrid, amekaa benchi moja na Sir Alex Ferguson pale Manchester United, amekwenda Kombe la Dunia mara nne mfululizo akiwa kocha mkuu. Lakini hakuzaliwa Lisbon wala Porto. Alizaliwa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, Machi 1, 1953. Ukivuka Mto Ruvuma na kuimaliza Cabo Delgado, unaingia Mkoa wa Nampula. Ni jirani huyo.

Na enzi zake za kucheza hakuwa staa wa kuimbwa. Alikuwa kipa wa Ferroviário ya Nampula, timu ya watu wa reli.

Habari hii inazihusu Kilosa na Mikumi moja kwa moja. Wilaya hii haina upungufu wa watu waliocheza mpira. Kila kijiji kina beki wake wa zamani ambaye alikuwa hapitiki na kina straika wake ambaye mpaka leo anatajwa kijiweni. Kinachokosekana ni watu waliocheza, kisha wakasomea kufundisha. Queiroz alitoka pahali pa aina hiyohiyo, tena kwa kipaji cha kawaida, na kilichompeleka mbali ni hicho cha pili.

KIPA WA RELI

Kwa Wareno, neno ferroviário ni mtu au kitu cha reli. Msumbiji ina Ferroviário nyingi, kuna ya Maputo, ya Beira, ya Nampula, kwa sababu shirika la reli lilipopeleka treni lilipeleka na klabu. Mfanyakazi alishuka zamu akavaa jezi.

Watu wa Kilosa hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Mji wao umekua na Reli ya Kati, na kutoka hapo ilijengwa njia ya tawi inayoshuka Mikumi mpaka Kidatu, ambako inakutana na Tazara. Leo treni ya umeme ya SGR nayo inasimama Kilosa. Mkoani Morogoro kulikuwa na Reli, timu iliyojipa jina la Kiboko ya Vigogo kwa sababu Simba na Yanga zilikuwa haziendi pale kwa raha. Kabla ya hapo Mseto ilishabeba ubingwa wa Tanzania mwaka 1975. Soka la mkoa huu lina mizizi mirefu, na mizizi hiyo imetokea kazini: relini, mashambani, viwandani.

Kwa hiyo kijana Mreno aliyedaka mipira Nampula hana tofauti kubwa na kijana aliyedaka mipira Kimamba, Rudewa au Kidodi. Tofauti inaanza alipotundika daruga. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975 Wareno wengi walirudi kwao, naye maisha yake yakahamia Ureno. Kule hakwenda kuzunguka kwenye klabu akisema, "Mimi nilikuwa kipa, nipeni timu." Aliingia darasani Lisbon akasomea elimu ya michezo. Alijifunza mwili wa mtoto unakuaje, mazoezi yanapangwaje kwa wiki, mchezaji anafundishwaje kuamua mapema.

Jose Mourinho naye alipita njia hiyo. Baba yake, Felix Mourinho, alikuwa kipa wa nguvu aliyegeuka kocha. Jose mwenyewe alicheza, lakini uchezaji wake haukumfikisha popote pa kutajwa. Akaenda kusoma, akafundisha shule, kisha mwaka 1992 akaajiriwa kuwa mkalimani wa Mwingereza Bobby Robson pale Sporting. Wengine walimcheka kwamba ni mtafsiri. Mwaka 2004 mtafsiri huyo akabeba Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na FC Porto, na mwaka 2010 akaibeba tena akiwa na Inter Milan.

Ureno ni nchi ndogo, haina hata robo ya watu wa Tanzania. Ila makocha wake wamezagaa dunia nzima, kwa sababu kule kufundisha mpira ni taaluma. Mtu anaisomea kama mwenzake anavyosomea uuguzi au ufundi umeme.

ALIANZA NA WATOTO

Queiroz hakukabidhiwa timu kubwa. Alikabidhiwa vijana wa taifa. Machi 3, 1989, mjini Riyadh, Saudi Arabia, vijana wake wa chini ya miaka 20 waliifunga Nigeria mabao 2-0 kwenye fainali ya Kombe la Dunia la vijana. Kocha alikuwa ametimiza miaka 36 siku mbili tu zilizopita.

Miaka miwili baadaye fainali zikachezwa Ureno kwenyewe. Uwanja wa Benfica ulifurika zaidi ya watu 120,000. Ureno na Brazil zilitoka suluhu, zikaenda kwenye penalti, na penalti ya mwisho ikapigwa na kijana mmoja anaitwa Rui Costa. Ubingwa wa pili mfululizo. Kwenye kikosi hicho alikuwemo Luis Figo. Wareno wakawaita "kizazi cha dhahabu".

Dhahabu hiyo haikuokotwa. Kuna mtu alikaa na watoto hao wakiwa bado hawajulikani, akawafundisha kwa mpango, mwaka baada ya mwaka. Angalia walikofika. Paulo Sousa wa kikosi cha 1989 amekuwa kocha, kapita Fiorentina na timu ya taifa ya Poland. Emilio Peixe, aliyechaguliwa mchezaji bora wa fainali za 1991, alirudi kufundisha timu za vijana za Ureno. Rui Costa ndiye rais wa Benfica. Mwalimu mzuri anazaa wachezaji, na wachezaji hao wanazaa walimu wengine.

Hapo ndipo Tanzania hukosea hesabu. Huku kocha wa watoto huonekana ni mtu aliyekosa timu ya wakubwa. Anapewa mpira mmoja uliochoka na filimbi, halafu anaambiwa "waweke sawa hawa". Kwa Wareno, yule wa watoto ndiye anayetafutiwa mwenye akili zaidi, kwa sababu kosa linalofanywa kwa mtoto wa miaka 12 halirekebishiki akifika 22.

VIBARUA VILIOTA NYASI

Isidhaniwe kwamba Queiroz ni malaika wa benchi. Kibarua chake kimeota nyasi mara nyingi.

Aliipokea timu ya wakubwa ya Ureno mwaka 1991 akashindwa kuipeleka Kombe la Dunia la 1994. Aliisaidia Afrika Kusini kufuzu fainali za 2002, lakini akaondoka miezi michache kabla ya fainali zenyewe, na Jomo Sono ndiye aliyekwenda na timu Asia. Real Madrid, msimu wa 2003-04, alikuwa na Zidane, Ronaldo wa Brazil, Figo na Beckham kwenye kikosi kimoja. Walipoteza mechi tano za mwisho za La Liga, wakamaliza nafasi ya nne, naye akafunguliwa mlango. Akiwa na Colombia alipigwa 6-1 na Ecuador Novemba 2020, na baada ya hapo hakuwa na maisha marefu pale. Misri aliifikisha fainali ya Afcon mjini Yaoundé, Februari 2022, ikafungwa na Senegal kwa penalti, tena yeye akiwa nje ya benchi kwa sababu alipewa kadi nyekundu kwenye nusu fainali dhidi ya Cameroon.

Lakini kila alipofukuzwa, kuna mwingine aliyempigia simu. Alirudi Manchester United kuwa msaidizi wa Ferguson, na mwaka 2008 wakabeba Ligi Kuu England na Ligi ya Mabingwa. Aliirudia Ureno akaipeleka Kombe la Dunia 2010. Akaenda Iran, akafuzu nayo 2014, akafuzu nayo 2018, kisha akaitwa tena kuiongoza Qatar 2022, ambako Iran iliifunga Wales 2-0. Mwaka 2025, akiwa na miaka 72, Oman ikamchukua.

Mchezaji aliyestaafu akiwa na jina tu, jina likichuja na yeye amekwisha. Mwenye elimu ya kazi, timu inaondoka, kazi inabaki.

PEDRO, DAR NA ANGOLA

Kama Queiroz anaonekana wa zamani sana, mashabiki wa Tanzania wana Mreno wa karibu zaidi. Oktoba 2025 Yanga ilimtangaza Pedro Gonçalves kuwa kocha wake mkuu. Kijiweni wengi waliuliza, "Huyu alicheza wapi?" Swali lenyewe linaonyesha tatizo. Jina lake halikutengenezwa na mabao. Limetengenezwa na kufundisha.

Alitokea kwenye kulea vijana, Sporting ya Lisbon na baadaye Primeiro de Agosto ya Angola. Na mara ya kwanza kuonekana na Watanzania wengi ilikuwa hapahapa Dar es Salaam, Aprili 2019, kwenye Afcon ya vijana chini ya miaka 17. Serengeti Boys walikuwa wenyeji. Walifungwa 5-4 na Nigeria, wakafungwa 3-0 na Uganda, wakamalizia kwa kufungwa 4-2 na Angola ya Pedro. Angola ile ikamaliza ya tatu na kwenda Kombe la Dunia la vijana Brazil.

Mwaka huohuo akapewa na timu ya wakubwa. Kwenye Afcon iliyochezwa Ivory Coast mapema 2024, Angola iliongoza kundi lenye Algeria na Burkina Faso, ikaipiga Namibia 3-0, na ikasimamishwa na Nigeria kwa bao 1-0 kwenye robo fainali. Kwenye fainali hizohizo Taifa Stars iliishia makundi.

Watoto wa Angola na watoto wa Tanzania walisimama kwenye nyasi moja mwaka 2019. Kipaji kilikuwepo pande zote mbili, na mabao manne dhidi ya Nigeria si mchezo. Swali ni kipaji kilikabidhiwa kwa nani kabla na baada ya siku ile.

WA NYUMBANI WAPO

Ili isionekane kwamba kocha lazima awe Mreno, Morogoro ina mfano wake, na hauko mbali. Upo Turiani, Wilaya ya Mvomero, jirani tu na Kilosa.

Mtibwa Sugar ni timu ya kiwanda cha sukari. Ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1999, ikaurudia mwaka 2000, wakati ambao wengi waliamini kombe hilo lina vyumba viwili tu, Msimbazi na Jangwani. Lakini jambo lake la maana zaidi ni kwamba wachezaji wake hawakuachwa wakapotea. Mecky Maxime, beki aliyefika kuwa nahodha wa Taifa Stars, alitundika daruga Mtibwa akaanza ukocha Mtibwa, na mpaka leo ni jina linaloheshimika kwenye mabenchi ya Ligi Kuu. Zuberi Katwila naye aliichezea, akaifundisha, na mwaka 2018 akaipa Kombe la Shirikisho kwa kuifunga Singida United 3-2 pale Arusha. Iliposhuka daraja msimu wa 2023-24, aliyeirudisha Ligi Kuu msimu uliofuata akiwa bingwa wa Championship ni Awadh Juma, mchezaji wake mwingine wa zamani.

Nje ya Morogoro yupo Juma Mgunda wa Tanga. Alikuwemo kwenye Coastal Union iliyotwaa ubingwa mwaka 1988. Septemba 2022 Simba ilibaki bila kocha mkuu huku Ligi ya Mabingwa Afrika ikiwa mlangoni, ikamwita yeye. Aliitoa Nyasa Big Bullets ya Malawi, akaitoa Primeiro de Agosto ya Angola, Simba ikaingia makundi. Uzoefu ulimbeba, ndiyo, lakini mashindano ya klabu Afrika hayaongozwi kwa uzoefu pekee. CAF inataka karatasi, na Mgunda alikuwa nayo. Bila leseni A, simu ile isingepigwa Tanga.

Yupo na Hemed Suleiman 'Morocco', aliyeachiwa Stars katikati ya Afcon ya 2023 baada ya Adel Amrouche kufungiwa, na Novemba 2024 akaipeleka nyingine baada ya kuifunga Guinea 1-0 kwa Mkapa. Agosti 2025 akaifikisha robo fainali ya CHAN. Mzawa akisoma, anaweza.

HALI ILIVYO KILOSA NA MIKUMI

Sasa rudi barabarani, kuanzia Kilosa mjini, upite Ulaya, ufike Mikumi pale malori ya Zambia na Congo yanapopumzika, kisha uteremke kwenye mashamba ya miwa ya Ruhembe na Kidodi. Kila uwanja una timu. Kuna ligi ya wilaya, kuna mabonanza, kuna ndondo za mbuzi na za ng'ombe ambazo zinajaza watu kuliko mikutano. Kuna Umitashumta kwa shule za msingi na Umisseta kwa sekondari.

Na kila timu ina "mwalimu". Mara nyingi ni mchezaji wa zamani. Asubuhi yuko shambani au kwenye bodaboda, saa kumi jioni yuko uwanjani. Halipwi. Mipira anaomba, jezi anaomba, nauli ya kwenda mechi ya ugenini anachangisha. Mtu kama huyu anastahili heshima kabla ya kukosolewa, kwa sababu bila yeye watoto hao wangekuwa na nyasi tu.

Lakini heshima isifiche ukweli. Wengi wao wanafundisha kama walivyofundishwa. Watoto wanakimbizwa kuzunguka uwanja mpaka watapike, halafu wanagawanywa timu mbili wacheze mpaka giza liingie. Aliyeteguka kifundo cha mguu anachuliwa kwa maji ya moto na anacheza Jumapili. Mfupi anapelekwa winga, mrefu anapelekwa nyuma, mnene anapelekwa golini. Kwa utaratibu huo unaweza kumpata mmoja mwenye kipaji kilichopitiliza. Kumi waliokuwa nyuma yake kidogo tu, ambao mwalimu aliyesoma angewatoa, wanaishia hapohapo.

Kuna jeraha lingine linalomuuma mwalimu mwenyewe. Timu yake ikifanya vizuri wilayani, inakwenda mkoani. Ikifanya vizuri mkoani, inaingia kwenye mashindano ambayo kanuni zinataka kocha mwenye leseni ya kiwango fulani. Hapo anatafutwa mtu mwenye karatasi. Aliyewatoa watoto mchangani, aliyewanunulia maji kwa hela ya abiria, anaambiwa akae jukwaani. Huyo mwenye karatasi hana kosa, kanuni nayo haina kosa. Kosa ni la waliomwacha mwalimu miaka kumi bila kumfungulia mlango wa kuipata hiyo karatasi.

Ngazi zenyewe zinajulikana. CAF inaanza na leseni D, inapanda C, B, A mpaka Pro. Hakuna anayeruka. TFF huendesha kozi hizi na wakufunzi wapo. Ila kozi ikiwekwa Dar es Salaam au hata Morogoro mjini, mtu wa Ulaya au Kidodi anatakiwa awe na ada, nauli, mahali pa kulala na chakula, tena aache kibarua siku zote hizo. Kwa anayeishi kwa kipato cha siku, hiyo ni mlima. Ndiyo maana matangazo ya kozi yanatoka, na wanaokwenda ni wale waliokuwa karibu.

KINACHOWEZEKANA

Hili halihitaji bajeti ya kujenga uwanja wa kisasa. Linahitaji kozi kuwafuata watu.

Kilosa ina Chuo cha Ualimu Ilonga. Kina madarasa, mabweni na eneo la kuchezea, na wakati wa likizo wanachuo wanakuwa makwao. Mikumi ina chuo cha ufundi cha Veta. Chama cha soka cha wilaya kikae na kile cha mkoa, waiandikie TFF barua moja yenye majina ya walimu 30 walio tayari, waombe kozi ya leseni D ifanyike hapo. Mkufunzi mmoja au wawili kuja Kilosa ni nafuu kuliko watu 30 kwenda Dar es Salaam.

Halmashauri nayo ina ofisa michezo. Kazi yake isiwe kukabidhi kombe siku ya fainali. Atengeneze daftari la walimu wote wa soka wa kila kata, aliyecheza wapi, anafundisha umri gani, ana cheti au hana. Bila daftari hilo hata mfadhili akija leo hajui amsaidie nani. Na kampuni zilizozunguka, za miwa, za mkonge, za utalii wa Mbuga ya Mikumi, ambazo hutoa jezi na mipira kila mwaka, zipewe ombi tofauti safari hii: lipieni ada ya mwalimu. Jezi inachanika msimu mmoja.

Walimu wa shule wawe wa kwanza kwenye orodha, kwa sababu tayari wana watoto mkononi na tayari wanajua kufundisha. Na kwenye hao 30 wawemo wanawake. Wasichana wa Kilosa na Mikumi wanacheza, na mzazi hupumua zaidi akijua mwalimu ni mwanamke mwenye cheti.

Kwa wachezaji waliostaafu, ujumbe ni mchungu kidogo. Sifa za zamani hazifundishi mtu. Ulikuwa hupitiki, sawa, lakini kutopitika kwako huwezi kumhamishia mtoto kwa kumsimulia. Queiroz hakumfundisha Figo kwa hadithi za jinsi alivyokuwa anadaka Nampula. Alikubali kuwa mwanafunzi upya. Aliyekuwa mfalme wa ndondo akikataa kukaa dawati moja na kijana wa miaka 23 kwa sababu kijana huyo hakuwahi kucheza popote, atabaki kijiweni akilalamika kwamba wazawa hawathaminiwi.

Na kwa mashabiki, lipo lao. Timu ya kata ikifungwa mechi mbili, mwalimu anatukanwa mbele ya watoto wake. Ferguson alikaa misimu kadhaa bila kombe la ligi kabla mambo hayajamnyookea Manchester United. Mwalimu wa watoto asiyelipwa hata senti naye apewe muda.

Afcon ya 2027 imepangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda. Maneno mengi yanasemwa kuhusu viwanja, hoteli na barabara, na ni sawa. Lakini mashindano yatapita, magari ya wageni yataondoka, na mtoto wa Kilosa atabaki na mwalimu wake yuleyule jioni ileile. Kama mpaka siku hiyo mwalimu huyo hajapata hata leseni D, Afcon itakuwa imepita barabarani Mikumi kama linavyopita lori la kwenda Tunduma.

TFF, chama cha mkoa, chama cha wilaya, halmashauri: barua hiyo ya kuomba kozi haihitaji mkutano mkuu. Iandikwe wiki hii.